Kipepeo Aliyeninyang'anya Alama 7

Wanachuo wenzangu, nikiwa mwaka wa pili nilipoteza alama 7 kwa sababu ya kipepeo. Tuliambiwa tukiwa likizo tukusanye wadudu na kuwapanga kwa familia na jenasi. Nikarudi kwetu Mhunze, Kishapu, nikawinda kandokando ya mashamba ya pamba. Kazi rahisi, nikadhani.

Mdogo wangu akaniuliza: "Kaka, mbona hawa wana miguu minne? Si ulisema mdudu ana sita?" Nikahesabu upya. Kumbe miwili ya mbele ipo, ila ni mifupi, ina manyoya kama brashi na imekunjwa kifuani. Hiyo ndiyo alama ya familia ya Nymphalidae, yenye spishi zipatazo 6,000 duniani. Hapo nilipata.

Nilikosea ndani ya familia. Vipepeo wawili wa rangi ya chungwa, wenye ncha nyeusi na madoa meupe, niliwaandika Danaus chrysippus. Wa tatu, mweusi mwenye mabaka meupe, nikampa jenasi nyingine. Majibu yakarudi: mmoja wa wale wa chungwa ni Hypolimnas misippus jike, na yule mweusi ndiye dume lake! Jamani, nilikuwa nimevunja ndoa ya watu.

Iko hivi. Danaus akiwa kiwavi hula mimea yenye utomvu mweupe, na mara nyingi sumu yake hubaki mwilini hata akiwa kipepeo. Ndege akishamwonja, hamrudii. Misippus hana sumu. Jike lake limevaa tu sare ya mwenye sumu. Uigaji wa namna hii ulielezwa na Henry Walter Bates mwaka 1862.

Lakini kufanana si undugu. Zamani Danaus aliwekwa kwenye familia yake, Danaidae. Leo ni familia ndogo, Danainae, ndani ya Nymphalidae. Misippus yuko Nymphalinae. Ndugu yake wa karibu kuliko Danaus ni Junonia hierta, yule wa njano mwenye doa la buluu bawa la nyuma, ingawa hawafanani hata kidogo.

Kwa hiyo ukiingia maabara, usianze na rangi. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, misippus jike ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Kisha chukua lenzi: vipapasio vya Danaus havina magamba.

Alama zangu 7 hazirudi. Zako bado unaweza kuziokoa.