UVIMBE WA NG'OMBE: TUSIKIMBILIE KISU



Huku kwetu Maruku ng'ombe na kibanja haviachani. Samadi ndiyo chakula cha migomba na mibuni. Ng'ombe akifa, kibanja nacho hudhoofika. Ndiyo maana tukiona uvimbe tunashtuka. Mmoja anachukua kisu apasue, mwingine anatia chuma motoni achome. Ndugu, tungoje kidogo. Tujifunze kwanza.

Uvimbe si wa namna moja

Jipu lina moto, linauma, na ndani lina usaha.

Ndigana kali huletwa na kupe. Tezi ya chini ya sikio huvimba, kisha na ya mbele ya bega. Ng'ombe ana homa kali, anaacha kula, anahema kwa shida. Huyu si wa kungojwa. Dawa ipo, lakini itolewe mapema. Kuchoma tezi hakuponyi. Tunampotezea siku tu.

Upo pia uvimbe wa mishipa ya fahamu. Mishipa hii hupeleka habari kati ya ubongo na mwili. Tazama mgomba: katikati pana moyo, na magome yameuzunguka, moja juu ya jingine. Mshipa wa fahamu nao umevikwa vivyo hivyo. Vazi lake tuliite ala, kama ala ya kisu. Mara chache ala hiyo huanza kukua ovyo, ikafanya kinundu.

Kinundu hicho hukua polepole. Hakileti homa, wala hakiambukizi. Huwapata zaidi ng'ombe wazima, katika mishipa ya bega, ya mbavu, hata ya moyo. Mara nyingi hakuna dalili. Mkaguzi wa nyama ndiye hukiona machinjioni. Lakini kikibana mshipa wa mguu, mnyama huchechemea, na nyama za mguu ule hukonda. Mbwa nao hupatwa hivyo, hasa mguu wa mbele.

Tufanye nini?

1. Uvimbe ukiwa na homa, tumwite bwana mifugo siku ile ile.

2. Tusipasue wala tusichome. Kisu chetu chaweza kukata mshipa wenyewe, mguu ukapooza. Kama ni wa kuondolewa, aondoe daktari wa mifugo.

3. Tuandike katika daftari: siku tuliyouona, mahali ulipo, na ukubwa wake. Je, ni kama punje ya kahawa, au kama yai? Baada ya wiki tuutazame tena, tuandike. Bwana mifugo akija, daftari litamweleza mengi ambayo ng'ombe hawezi kusema.

4. Ng'ombe akichinjwa, nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa.

Tulijifunza kuandika ili kutusaidie. Basi kutusaidie hata zizini.

Maswali

1. Ndigana kali huletwa na nini?
2. Ala ya mshipa wa fahamu tumeifananisha na nini?
3. Kwa nini tusipasue uvimbe wenyewe?
4. Tutaandika mambo gani katika daftari?