Dondoo Muhimu: Faiwoli Inapozuia Faili Kwenye Windows 11

Programu ya LocalSend ilikuwa ikihamisha picha kutoka simu hadi kompyuta bila shida. Umeweka Windows 11, sasa vifaa havionani. Usikimbilie kuzima faiwoli nzima.

Anza na Wi-Fi yenyewe. Windows 11 huuchukulia mtandao mpya kuwa wa umma na kukaza ulinzi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua sifa za Wi-Fi ya nyumbani, uiweke kuwa ya binafsi. Ya hotelini iache ilivyo.

Bado? Pengine ujumbe wa kuomba ruhusa ulipotokea uliughairi bila kuusoma, kama wengi wetu. Hapo Windows huandika kanuni ya kuzuia, na kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu, kwa hiyo kuongeza ruhusa juu yake ni kazi bure. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika wf.msc, fungua kanuni za mawasiliano yanayoingia, ufute zinazoizuia LocalSend. Kisha ruhusu poti yake, 53317, TCP na UDP, kwa mtandao wa binafsi tu.

Wi-Fi ya wageni ni kesi nyingine: ruta nyingi hutenganisha vifaa vyake makusudi, na hapo faiwoli haina kosa.