Ujira wa Fundi Mitambo Usilale Kwako



Kijana mwenzangu, kuna mtu ambaye kwenye shughuli zetu hatumtazami kabisa, mpaka maiki ianze kupiga mluzi. Hapo ukumbi mzima unamgeukia. Namsema fundi mitambo, yule wa spika na taa. Leo tumtafakari kwa hatua tatu ambazo VIWAWA tumezirithi kutoka kwa Padre Joseph Cardijn, aliyeanzisha utume wa vijana wafanyakazi kule Ubelgiji mwaka 1925: Ona, Amua, Tenda.

1. ONA

Hapa Masumbwe, kama miji mingine ya ukanda huu wa dhahabu, fundi mitambo wengi hawana mwajiri. Wanaishi kwa kupigiwa simu: leo harusi, kesho tamasha la kwaya, Ijumaa Kuu igizo la Mateso ya Bwana. Fundi wa namna hii hana mshahara wa mwezi, na akiugua hakuna hela. Mavuno yakiwa mazuri simu inaita sana. Kwaresima ikiingia, harusi zetu zinasimama, naye anakaa.

Shughuli ya jioni yeye anaianza asubuhi. Anapakia spika, mikisa na jenereta kwenye guta, anatandaza nyaya na kuzibandika chini ili bibi harusi asijikwae. Spika anaziweka mbele ya maiki, siyo nyuma yake, maana maiki ikiinasa sauti ya spika, sauti inazunguka na kukua mpaka inakuwa mluzi. Umeme ukikatika, ni yeye na tochi ya simu. Sisi tukishakula na kucheza tunaondoka. Yeye anakunja nyaya mpaka usiku wa manane.

Halafu mweka hazina wa kamati anamwambia, "Kaka, tutaongea kesho." Au lile letu la kanisani: "Hii ni kazi ya Mungu, jitolee tu."

2. AMUA

Maandiko hayana "tutaongea kesho". Soma Walawi 19:13, Kumbukumbu la Torati 24:14-15 na Tobiti 4:14: kibarua alipwe siku ileile, ujira wake usilale kwako. Mtume Yakobo (5:4) anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio kinamfikia Bwana. Kelele hiyo haihitaji spika!

Kanisa nalo halijanyamaza. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliliita jambo hili kosa kubwa. Katekisimu (namba 2434) inasema kuzuia ujira wa haki kunaweza kuwa dhuluma nzito.

Na kujitolea je? Kujitolea ni zawadi, na zawadi anaitoa mwenyewe. Ukimkatia hela yake kwa jina la Mungu, hiyo siyo sadaka yake tena. Umemdhulumu, ukamsingizia Mungu.

Lakini haki ina pande mbili. Fundi aliyepokea advansi ya kwaya, kisha akakimbilia harusi yenye dau kubwa, naye asome Wakolosai 3:23.

3. TENDA

- Kamati ikae na fundi mapema: saa ngapi anafunga, nani ananunua mafuta ya jenereta, malipo kiasi gani. Yaandikwe.
- Hela ya fundi itengwe kabla ya kununua mapambo.
- Mlipe kabla hajapakia vyombo. Mpe na sahani ya chakula mapema, asingoje makombo.
- Bajeti haitoshi? Mwambie ukweli kabla, aamue mwenyewe.

Swali la jumuiya: kuna fundi, mpishi au mpiga picha ambaye kikundi chetu bado kinamdai uvumilivu? Tumlipe lini?

Tusali: Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, uliyekula kwa jasho lako, utuombee tusile jasho la wengine. Amina.