Kutunza Matoleo ya Programu Pale Mtandao Unapokuwa Dhaifu

Mwandishi wa programu hubadilisha kazi yake kila siku, na pengine hutamani kuirudia hali ya juzi. Ndiyo maana vikabuniwa vyombo vya kutunza matoleo: kila badiliko huwekwa pamoja na tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake. Hapa tutalinganisha viwili, Subversion na Git, kwa swali moja tu: kipi kinamfaa mtu ambaye mtandao wake ni wa polepole au hukatika?

Subversion, ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, kina ghala moja katika kompyuta kuu. Mfanyakazi huchukua nakala ya toleo analolihitaji, basi. Kwa kawaida chombo hiki huficha pia nakala ya pili isiyoguswa, hivyo mtu aweza kuona alichobadilisha, hata kukifuta, bila mtandao. Na anapopeleka kazi hupeleka tofauti tu, si faili zima. Lakini kuweka toleo jipya au kusoma historia hakuwezekani mpaka kompyuta kuu ipatikane.

Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, humpa kila mtu ghala lote pamoja na historia yake. Mtandao wahitajika wakati wa kubadilishana tu. Gharama iko mwanzoni. Mwanafunzi na apige hesabu: ghala ni megabaiti 300, mtandao ni kilobiti 64 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 300 × 1,000 × 8 ni kilobiti 2,400,000, nazo zikigawanywa kwa 64 ni sekunde 37,500, yaani zaidi ya saa 10. Tena, uchukuaji huo ukikatika katikati, huanza upya! Kwa maoni yangu kasoro hii ni kubwa kuliko wasifiaji wa Git wanavyokiri.

Zipo njia za kuikwepa. Mtu aweza kuchukua matoleo ya karibuni tu. Au ghala lote hufungwa katika faili moja kwa amri ya git bundle, likabebwa katika flashi. Huko lifikako husomwa kama ghala la kawaida, na safari ya pili hubeba mabadiliko mapya peke yake. Shule mbili zilizo mbalimbali zaweza kushirikiana hivyo kwa basi la kila wiki.

Hata hivyo, ghala likijaa picha na sauti, na mfanyakazi akihitaji kabrasha moja tu, Subversion humpa kabrasha hilo bila historia yake, na hapo huwa nafuu.