Twita Imeungua Kwenye Sendofu, Nani Alipe?

*Mshauri, mimi na kaka yangu tulikopa kwenye kikoba tukanunua spika mbili zenye amplifaya ndani, tunakodisha mziki hapa Muheza. Juzi kwenye sendofu ya watu kama mia nne, spika moja ilianza kukwaruza, kisha sauti za juu zikapotea, ikabaki besi tu. Taa nyekundu ya mikisa ilikuwa inawaka muda wote kama kawaida, hivyo mimi nasema ni jenereta. Kaka anasema nimeiunguza mimi niliyekuwa kwenye mikisa. Hatusemezani, na Jumamosi tuna harusi.*
*Mpiga Mziki, Muheza*

Mpiga Mziki, pole kwa hasara. Nitakuudhi kidogo: kaka yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Umeme mbaya wa jenereta kwa kawaida hupiga amplifaya, na spika ikashindwa hata kuwaka. Yako bado inatoa besi. Kilichokufa ni twita, na ushahidi umeuandika mwenyewe, kwenye yale maneno "kama kawaida".

Taa nyekundu ikiwaka mfululizo, mikisa imezidiwa. Inakata vilele vya sauti vinakuwa bapa, na sauti iliyokatwa hivyo huzaa makwaruzo ya juu ambayo hayamo kwenye wimbo wenyewe. Yote hayo yanaelekezwa kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba sana. Inapata moto hadi inakatika. Najua utasema spika ina kinga yake ndani, ile limita. Ni kweli, lakini limita inazuia amplifaya isizidishe. Sauti iliyoharibikia kwenye mikisa itaipitisha ikiwa mbovu vilevile.

Tazama pia nyuma ya spika, kwenye swichi ya MIC na LINE. Mikisa inatoa volti moja hivi, maiki inatoa milivolti chache tu. Ukiunganisha mikisa huku swichi iko MIC, kila kitu kitakwaruza hata ukiwa mpole. Weka LINE, kitufe cha spika kiwe katikati, kisha piga wimbo wenye kelele kuliko zote ulizonazo. Kwenye mikisa taa za kijani zicheze, njano iguse mara mojamoja, nyekundu isionekane kabisa. Ukitaka zaidi ya hapo, pandisha kwenye spika.

Lakini kwa nini ulikuwa unasukuma hivyo? Kwa sababu watu mia nne uwanjani hawatoshwi na spika mbili zilizowekwa karibu na meza kuu, haidhuru boksi limeandikwa wati elfu mbili. Mara nyingi namba hiyo ni ya kilele, kitu cha kufumba na kufumbua. Na nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti: kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti inashuka desibeli 6, ilhali amplifaya yenye nguvu maradufu inakuongezea desibeli 3 tu. Kwa hiyo kuzungusha kitufe ili meza ya mwisho isikie ni kuwaumiza wa mbele na kuichoma twita. Pandisha stendi mpaka twita zipite vichwa vya waliosimama, kwani miili ya watu inameza sauti za juu. Tawanya miguu ya stendi, uifunge mifuko ya mchanga. Kisha kodi jozi nyingine uiweke katikati ya uwanja. Na kwenye maiki ya MC kata besi chini ya hezi 100. Maneno yake hayaihitaji, ingawa yeye mwenyewe atalalamika.

Jenereta nayo usiiachie huru. Iwashe kwanza itulie, ndipo uwashe mikisa, spika mwisho. Wakati wa kuzima anza na spika. Isiishiwe mafuta mziki ukilia, maana umeme huyumba kabla haujakata. Ekstensheni ya gurudumu ifunguliwe yote, ikibaki imezungushwa inapata moto. Ukisikia mngurumo, tumia waya wa pini tatu kama wa maiki, na usithubutu kung'oa ile pini ndefu ya ethi kwenye plagi. Hilo linaua mtu, si spika. Juani, acha nafasi ya hewa nyuma ya spika, na usizifunike nailoni zikiwa zinafanya kazi.

Sasa fedha. Itoke kwenye mfuko wa biashara, kwa sababu kuikubali kazi ya watu mia nne kwa spika mbili lilikuwa kosa lenu wote wawili. Mara nyingi fundi hubadilisha kiwambo cha twita pekee. Sisitiza kiwe cha modeli hiyohiyo, na akikuletea twita yoyote aliyoiokota dukani, beba spika yako uondoke.

Kwa Jumamosi, mwambie mwenyekiti wa kamati leo, si siku ya harusi, kwamba mnahitaji spika za kukodi na gharama yake ni kiasi gani. Na kabla ya hapo mwite kaka nyumbani, washa mikisa, pandisha mpaka nyekundu kwenye ile spika nzima kwa sekunde mbili tu, sauti ya spika ikiwa chini, asikie makwaruzo yenyewe. Mkubaliane anayeshika mikisa Jumamosi ndiye mwenye kauli, hata MC akija kunyoosha mkono.