SOMO: Nilikamatwa Nikiendesha Nimelewa. Je, Naweza Kuwa Rubani?



Siku moja kijana wa Kibati alibaki kwenye benchi ya hospitali wakati wagonjwa wote walikwisha kwenda. Alipoitwa alisema: «Munganga, mimi siko mgonjwa. Niliendeshaka moto ya yaya yangu nikiwa nimelewa, nikagonga mutu ku njia ya Rutshuru, akavunjika muguu. Polisi wa rulaji wakanikamata, tribinali ikanihukumu. Sasa jamaa inataka kunilipia masomo ya ndeke. Njia yangu imefungwa?»

Labda wewe unayesoma una swali kama hilo, ao una mtoto mwenye swali hilo lakini anaogopa kuuliza. Jibu letu la kwanza ni hili: hukumu moja ya zamani, peke yake, haifungi njia. Kinachoifunga ni pombe ambayo haijaisha, na uongo juu ya pombe hiyo. Tuangalie sababu.

Pombe katika mwili wa rubani

Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye maji. Ndivyo vinavyotuambia kama kichwa kimeinama ao kimenyooka. Pombe inaingia humo na kuharibu kipimo hicho, ndiyo maana mlevi akilala anaona nyumba inazunguka. Pombe inatoka katika sikio polepole kuliko katika damu. Mtu anaweza kuamka, akajiona mzima, na sikio lake lingali linasema uongo. Juu ya ardhi ataanguka katika mfereji, basi. Lakini rubani aliye ndani ya wingu haoni ardhi wala mbingu. Sikio likimdanganya anageuza ndege akifikiri anainyoosha.

Tena kuna jambo la hewa. Kwetu Goma tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na mlima Nyiragongo unafika metre 3,470. Ndege ndogo za Kivu zinazopita juu ya milima hazina chumba chenye hewa ya kutosha kama zile kubwa. Hewa ikipungua, ubongo unapata oksijeni kidogo, na pombe nayo inauzuia kufanya kazi vizuri. Mambo haya mawili yanaongezeana.

Uwanja wa Goma wenyewe hausamehe kosa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya njia ya ndege ikabaki fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa ikaingia katika nyumba za Birere, na watu waliokuwa sokoni walikufa pamoja na abiria. Sisemi kwamba pombe ilikuwa sababu ya ajali ile. Nasema tu kwamba anayeendesha ndege habebi abiria wake peke yao. Anabeba hata mama anayeuza unga chini.

Hesabu ya chupa

Watu wengi wanasema: «Nilikunywa jana, leo imeisha.» Tufanye hesabu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye pombe 5 kwa mia, ina karibu gramu 28 za pombe kamili. Ini la mtu mzima linaondoa karibu gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja. Basi chupa moja inahitaji saa tatu ao nne. Chupa tano ni gramu 140. Ukianza kunywa saa kumi na mbili ya magharibi, mwili utamaliza kazi yake kesho yake, karibu saa sita ya mchana. Kahawa haiharakishi. Maji ya baridi, supu ya mbuzi, limau, vyote haviharakishi. Vinamfanya mlevi awe mlevi asiye na usingizi.

Na kanyanga? Hapo hata sisi hatuwezi kukupigia hesabu, maana hakuna ajuaye ina nguvu gani. Kila mpishi ana yake.

Sheria ya Marekani inakataza rubani kuendesha mbele ya saa 8 kupita tangu alipokunywa, na tena damu yake isiwe na pombe ya kufika 0.04 kwa mia. Umeona sasa kwa nini wameweka sheria mbili, si moja. Mnywaji wa chupa tano anaweza kutimiza ile ya saa 8 na bado akashindwa na ile ya damu.

Wanaopima marubani wanatafuta nini?

Nchi karibu zote za dunia zinafuata kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa ndege, lililozaliwa katika mapatano ya Chicago ya mwaka 1944. Kwetu Kongo serikali inasimamia kazi hiyo kwa mkono wa Autorité de l'Aviation Civile. Anayetaka kuendesha ndege kwa mshahara anapimwa na munganga aliyekubaliwa kwa kazi hiyo, kipimo cha daraja la kwanza, na kinarudiwa. Macho, masikio, moyo, mkojo, na pia historia ya maisha yake.

Kanuni hizo zinatofautisha mambo mawili. Kuna mtu aliyefanya kosa la ulevi, na kuna mtu aliyefungwa na pombe, ambaye mwili wake hauwezi tena kukaa bila hiyo. Wa pili hakubaliwi mpaka atibiwe na ionekane kwamba amepona. Wa kwanza ataulizwa maswali mengi, anaweza kuambiwa alete vipimo vya damu na ini, anaweza kungojeshwa. Lakini mlango ungali wazi.

Sasa sikiliza vizuri. Katika karatasi ya kujaza kuna maswali juu ya pombe na mara nyingi juu ya makosa ya mahakamani. Vijana wanashauriwa na rafiki zao: «Andika hapana, Goma ni mbali, nani atajua?» Ni shauri baya kabisa. Munganga anayegundua uongo anapaswa kuupeleka kwa wakubwa wanaotoa lisansi. Hukumu ya motokari inaweza kuelezwa. Sahihi yako chini ya uongo utaielezaje? Na kama ndugu yako anasomea kazi hiyo Marekani, ajue kwamba kule rubani mwenye lisansi akihukumiwa kwa kuendesha motokari amelewa, ana siku 60 tu za kutoa habari yeye mwenyewe.

Kuna habari ya rubani mmoja ambayo nawaambia wale wanaokata tamaa. Tarehe 8 Machi 1990 Lyle Prouse, kapiteni wa kampuni ya Northwest, aliendesha Boeing 727 kutoka Fargo mpaka Minneapolis akiwa na pombe katika damu, pamoja na wenzake wawili. Abiria walikuwa 91. Walifika salama, na polisi walikuwa wanangoja. Alihukumiwa kifungo cha miezi 16, akapoteza kazi na lisansi zake zote. Alikubali kwamba alikuwa amefungwa na pombe, akatibiwa, akaacha kabisa. Alianza tena lisansi toka ya kwanza kama mwanafunzi. Baada ya miaka akarudishwa kazini Northwest, na mwaka 2001 Rais Clinton akamsamehe. Alisaidiwa na jambo moja: tangu miaka ya 1970 marubani wa Marekani wana mpango wa kutibu wenzao walevi na kuwafuata kwa vipimo. Kwetu mpango wa namna hiyo sijauona. Basi kijana wa hapa atafute mashahidi wake mapema.

Jipime mwenyewe

Mbele ya kutafuta chuo, jibu maswali haya manne bila mtu kukusikia. Umekwisha kufikiri kwamba inafaa upunguze pombe? Unakasirika watu wakikusema juu ya kunywa kwako? Umekwisha kujilaumu juu yake? Umekwisha kunywa asubuhi, mara tu ulipoamka, ili mikono isitetemeke? Kama umejibu ndiyo mara mbili ao zaidi, njoo tuzungumze. Usiache ghafula peke yako nyumbani kama ulikuwa unakunywa kila siku: wengine wanatetemeka, wanaona vitu visivyokuwepo, wanaanguka kifafa katika siku za kwanza, na wanaweza kufa. Kuna dawa za kukusaidia upite siku hizo.

Kijana wetu alijibu ndiyo mara moja. Tulimwambia atafute karatasi ya hukumu, na ya faini iliyolipwa. Aje kupimwa damu sasa na tena baada ya miezi, ili awe na kitu cha kuonyesha mkononi. Na aanze Kiingereza, maana rubani wa safari za kimataifa anapaswa kufika kiwango cha 4, na Kifaransa chake peke yake hakitamfikisha. Anafikiri juu ya chuo cha Soroti, Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Lisansi ya kazi inataka karibu saa 200 za kuruka na kila saa ina bei yake, kwa hiyo jamaa isiuze shamba mbele ya kipimo cha daraja la kwanza kupita.

Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akauliza kama inafaa aende kwa yule baba aliyevunjika muguu. Nikamwambia hakuna fomu ya ndege inayouliza jambo hilo.

«Nitaenda siku ya posho,» akasema.