Umbali, Kasi na Muda wa Safari ya Ndege

Ikiwa unaishi Ihanda, umekwisha kuyaona mabasi yaendayo Dar es Salaam na malori yaelekeayo Tunduma. Huenda siku nyingine umeona ndege ikipita juu, ikatoweka kabla lori halijamaliza kupanda kilima. Kwa nini ndege hufika upesi? Wanafunzi wengi hujibu kwamba ina kasi kubwa. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika.

Chukua ramani ya Tanzania, uzi na rula. Weka ncha ya uzi mahali pa Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012. (Usikitafute katika Mkoa wa Songwe. Kimo katika Mkoa wa Mbeya, magharibi ya mji wa Mbeya.) Vuta uzi mpaka Dar es Salaam, ukaze, kisha uupime. Ukitumia kipimo cha ramani, utapata karibu km 690. Sasa ulaze uzi huo juu ya barabara kuu, kupitia Makambako, Iringa na Morogoro, ukifuata kila kona. Uzi hautatosha! Barabara hiyo ina urefu wa zaidi ya km 800, kwani huzunguka milima na kuteremka Mlima Kitonga kwa kona nyingi. Ndege haina haja ya kona hizo.

Kupata muda wa safari, tunagawanya umbali kwa kasi. Ndege ikienda km 600 kwa saa:

690 ÷ 600 = saa 1.15, yaani saa 1 na dakika 9.

Basi la abiria haliruhusiwi kisheria kuzidi km 80 kwa saa. Kwa km 800 lingetumia saa 10. Lakini basi hupunguza mwendo vijijini, na katika Hifadhi ya Mikumi huenda polepole ili lisigonge wanyama. Kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Ndege nayo haiendi km 600 kwa saa wakati wote: hutembea kwanza uwanjani, hupaa, na hupunguza kasi kabla ya kutua. Tuseme basi kwamba inatumia saa 1 na nusu.

Sasa fikiri juu ya bibi yako wa Ihanda, anayetakiwa kuonana na daktari Hospitali ya Taifa Muhimbili saa 8 mchana. Ndege inaondoka saa 4 asubuhi. Je, atawahi? Yampasa kufika kiwanjani saa 2, na njiani atatumia saa 1 na nusu. Hivyo ataondoka nyumbani saa 12 na nusu alfajiri. Ndege itatua saa 5 na nusu. Atasubiri mzigo wake nusu saa, kisha atakaa garini saa 1 na nusu, maana magari ni mengi mjini. Atafika saa 7 na nusu.

Safari yote imechukua saa 7, na angani alikuwa saa 1 na nusu tu. Gawanya km 690 kwa saa 7. Utapata pungufu kidogo ya km 100 kwa saa!

Zoezi

Ukungu umeichelewesha ndege kuondoka kwa dakika 45. Bibi atafika Muhimbili saa ngapi? Je, ni sehemu ipi ya safari hiyo ingeweza kufupishwa ili amwahi daktari? Jadiliana na mwenzako, kisha andika majibu katika daftari lako.